Namna ya kuusoma mji wa soko wa Kiingereza kwa jicho la karani wa ushuru

Vijana wetu wa Mombasa wanaokwenda Uingereza kwa kazi ya uuguzi au ya kutunza wazee, wengi hawaishii London. Wanapangiwa vimji vya soko: kanisa kubwa, uwanja katikati, maduka ya matofali, na ikifika saa kumi na mbili jioni barabara nyeupe. Hawajamaliza mwezi wanapiga simu nyumbani kusema mji umekufa na watu hawana salamu. Mji haujafa. Hawajajua tu pa kuanzia kuuangalia.

Mimi nimekata stakabadhi za ushuru sokoni hapa Mombasa, Markiti kwanza, halafu Kongowea, mpaka nikastaafu. Binti yangu ni muuguzi Bury St Edmunds, mji wa watu kama elfu arobaini huko Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Nilipokwenda kumtazama, yeye akiwa zamu, mimi nilikuwa nautembea mji ule kama nilivyokuwa nazitembea meza zangu za soko. Nitautumia kwa mfano, lakini njia hii inafaa Ludlow, Stamford, popote penye soko la kale. Ukibeba swali moja linakutosha: nani anapokea? Anayeuza na anayenunua utawaona bila kuuliza. Anayepokea kodi ya ardhi na ushuru wa meza haonekani sokoni, na mara nyingi ndiye aliyeupa mji umbo lake.

Siku ya soko, kabla ya wanunuzi

Bury soko ni Jumatano na Jumamosi. Fika saa moja asubuhi, wenye vibanda wakiwa bado wanafunga maturubai. Angalia nani anapakua mwenyewe na nani analetewa. Sisi tumezoea hamali na mkokoteni. Kule hakuna hamali. Mwenye ndizi ndiye dereva, ndiye mpakuzi, ndiye muuzaji, na jioni ndiye atakayefagia. Hapo umeshajua bei ya kazi ya mikono katika nchi ile kabla hujasoma takwimu yoyote.

Kisha waulize wauzaji wametoka wapi. Usiulize kwa nia ya kuwajua wao. Unatafuta mpaka wa soko. Katika karne ya 13, kitabu cha sheria kinachojulikana kwa jina la Bracton kilieleza kwamba soko jipya lisiwekwe ndani ya maili sita na theluthi mbili za soko jirani, karibu kilomita 11. Hesabu yake ni ya mtu wa miguu: mwendo wa siku ni maili 20, ugawe mafungu matatu, moja la kwenda, moja la kufanya biashara, moja la kurudi kabla giza halijaingia. Toka Markiti umbali huo uone unafika wapi: ni kama Bamburi. Ndiyo maana ramani ya Uingereza imejaa miji midogo iliyopishana kwa nafasi zinazokaribiana. Kila mmoja ulikuwa na vijiji vyake vya kunyonya.

Vijiji hivyo bado utaviona. Nenda kituo cha basi usome ratiba iliyobandikwa. Kijiji chenye basi kila nusu saa ni kitongoji cha mji. Kijiji chenye basi mara chache kwa wiki, tena siku za soko, ndicho mteja wa kale. Kaa hapo saa nne asubuhi uone wanaoshuka: wazee na vikapu vya magurudumu. Wenye umri wa kufanya kazi wana magari, wameegesha kwenye duka kubwa, na wengine hawajakanyaga soko mwaka mzima.

Nilimwuliza muuza mboga mmoja pale Cornhill analipa nani. Akanijibu bila kuniangalia, "Kanseli. Nani mwingine?" Kwa sauti ileile niliyoizoea Kongowea, lori la nyanya la Loitokitok likiwa getini na mwenye mzigo anahesabu noti polepole ili nichoke. Mpokeaji wa leo, basi, ni Halmashauri ya West Suffolk. Usiridhike na jibu la leo lakini. Rudi nyuma.

Mwenye ardhi ni nani?

Hapa ndipo pa kukaa. Ukiharakisha sehemu nyingine si neno, ila hii usiiruke.

Mwaka 1086 Mfalme William alituma makarani nchi nzima waandike nani ana nini. Daftari hilo ni Domesday, na sehemu ya Bury inasomeka kama orodha ya karani wa soko. Wanasema kuna nyumba 342 juu ya ardhi ambayo enzi za mfalme Edward, miaka ishirini tu nyuma, ilikuwa ikilimwa kwa plau. Wanataja watu 75: waokaji mikate, wapika pombe, mafundi cherehani wa zama hizo, wanawake wafua nguo, washona viatu, washona majoho, wapishi, wapagazi na watunza ghala. Kazi yao? Kila siku kumhudumia Mtakatifu, abate, yaani mkuu wa watawa, na watawa wake.

Mtakatifu mwenyewe ni Edmund, mfalme aliyeuawa na Wadeni mwaka 869. Kaburi lake lilivuta mahujaji, mahujaji wakaleta pesa, abasia, yaani makao ya watawa hao, ikawa miongoni mwa tajiri kabisa Uingereza. Ukiisoma orodha ile kwa makini utaona mji uliozaliwa na jiko la bwana mmoja. Wote wanaotajwa pale wanalisha, wanavisha au wanafulia. Pwani yetu tuna mitaa iliyozaliwa hivyo hivyo: ondoa mahoteli ya Nyali mpaka Shanzu uone nani atabaki na kazi nyuma yake.

Abate alikuwa na ardhi, soko, ushuru wa soko na kinu cha kusagia. Tunayajua hayo kwa undani kwa sababu mtawa mmoja wa pale, Jocelin wa Brakelond, aliyaandika. Anasimulia kwamba mwaka 1191 padri mkuu wa mji, Herbert, alijenga kinu cha upepo. Abate Samson akawaka. Herbert akajitetea kwamba upepo hauna mwenyewe, na kwamba atasaga nafaka yake tu. Abate akaapa hatakula mkate mpaka jengo lile lianguke: alijua fika kwamba watu wa mji wangekimbilia kinu kipya, na hawezi kuwakataza wasisage wanapotaka. Herbert akaogopa, akakibomoa mwenyewe. Watumishi wa abate walipofika na amri hawakukuta cha kubomoa.

Nimewahi kuona wenye mizani binafsi wakiweka mizani yao nje ya geti la soko, na najua mkubwa wa soko huwa anazungumza vipi siku hiyo. Dini ilikuwa juu ya jambo lile la Bury. Ndani yake kulikuwa na mapato.

Jocelin anaeleza jingine. Kila nyumba ilidaiwa ada badala ya kazi ya mavuno katika mashamba ya abasia. Matajiri wakawa wanasamehewa kimya kimya. Masikini ndio waliokuja kung'olewa milango na kuchukuliwa vyombo vya jikoni kama rehani. Vikongwe wakatoka na vijiti vyao vya kusokotea nyuzi, wakawatukana watumishi na kutaka kuwapiga. Kama umewahi kuona kanjo wakibeba meza ya mama wa mboga Mwembe Tayari, hiyo picha huhitaji kuchorewa.

Mwaka 1327 watu wa mji walivunja abasia na kuiba. Mwaka 1381 wakarudia. Baada ya ghasia za kwanza, watawa walijenga lango jipya, na lango hilo lipo mpaka leo mbele ya Angel Hill. Watalii wanalipiga picha kwa uzuri wake. Wewe lisogelee uangalie vile vishubaka vilivyowekwa masanamu. Nyuma yake kuna matundu ya kurushia mishale. Matundu yale yanatazama mjini, kwa wapangaji wao wenyewe.

Henry wa Nane aliifunga abasia mwaka 1539. Mwaka 1606 Mfalme James akaupa mji hati ya kujitawala, na hapo wafanyabiashara wakubwa wakakalia kiti cha abate. Mawe ya abasia yalibebwa kwenda kujengea; utayakuta kwenye kuta za bustani za watu. Na ule ukuta wa mbele wa kanisa kuu la abasia, matao makubwa matatu, watu wameingiza nyumba ndani yake, dirisha na pazia, wanaishi.

Mtu wa Mombasa hashangai. Hapa petu mtu anaweza kumiliki nyumba yake, mabati yake na milango yake, na kiwanja kikawa cha mwingine, kila mwezi anapeleka kodi ya ardhi. Anayejua hilo atauelewa mji wa abate upesi kuliko Mwingereza aliyezaliwa na hati ya nyumba ya baba yake.

Sasa lilete swali mpaka leo. Kiwanda cha pombe cha Greene King kipo Bury tangu 1799. Baa nyingi kule si mali ya anayekumiminia. Ni mpangaji wa kampuni, analipa pango na kwa kawaida amefungwa kununua bia kwa mwenye nyumba. Ni kinu cha abate hicho, kwa mkataba. Na mwaka 2019 kampuni nzima ilinunuliwa na CK Asset ya Hong Kong. Kwa hiyo mzee wa Suffolk anayekaa baa ileile aliyokaa babu yake, sehemu ya pesa yake inavuka bahari. Sikunywa, lakini bei niliisoma.

Nyumba zitazame ubavuni

Abbeygate Street utaona nyuso za matofali zilizonyooka, madirisha sawa sawa, mtindo wa karne ya 18. Usizisadiki. Ingia kichochoro cha pembeni uangalie ubavu wa nyumba: mbao nene nyeusi, ukuta umeinama, paa limekaa upande. Nyumba ni ya mbao, kongwe zaidi, imevikwa uso mpya wakati pesa ilipoingia. Ni mji uliokuwa na wenye nacho karne ile. Nenda Lavenham, mwendo mfupi wa basi, uone kinyume chake. Miaka ya 1520 Lavenham ilikuwa miongoni mwa miji tajiri ya Uingereza kwa nguo za sufu. Biashara ikahama, pesa ya kuvika nyuso mpya ikakosekana, na mbao zikabaki wazi. Leo wanauza umasikini ule kwa watalii kama uzuri, na hakika ni uzuri.

Pima pia upana wa kiwanja kwa hatua zako. Mbele nyembamba, nyuma ndefu mpaka njia ya pili: upande wa soko ndio wenye thamani, kila mtu alitaka kipande. Nyuma walikuwa na karakana, zizi, choo na wapangaji. Na ukikuta nyumba ya mawe katikati ya mji wa mbao, simama. Moyse's Hall, pale pale penye soko, ni ya karne ya 12, leo makumbusho. Nani alijenga kwa mawe wakati wenziwe wanajenga kwa mti na udongo? Sisi wa pwani tunajua nyumba ya mawe ilisema nini juu ya mwenyewe.

Mwisho uliza paliondoka nini. Soko la ng'ombe la Bury sasa ni maduka ya kisasa ya arc, yaliyofunguliwa 2009. Penye duka kubwa la Waitrose palikuwa na karakana za Robert Boby, waliotengeneza mashine za kilimo. Njia ya pale bado inaitwa Robert Boby Way. Mkulima alikuja mjini kuuza mnyama na kutengenezesha mashine, akanywa, akanunua viatu vya watoto, akarudi. Mlolongo huo ukikatika, maduka manne yanakufa kwa pamoja.

Makaratasi

Yapo mengi ya bure, ila matatu yananipendeza.

La kwanza ni madaraja ya kodi ya nyumba ya halmashauri. England kila nyumba imepewa herufi, A mpaka H, kwa thamani iliyokadiriwa kuwa nayo tarehe 1 Aprili 1991. Ndiyo, 1991 mpaka leo. Ingia tovuti ya serikali, andika namba ya posta ya mtaa, orodha inakuja. Mtaa wa A na B ni wa kina yakhe, mtaa wa G na H ni wa mabwana. Kule Bury jaribu namba za mtaa wa Howard, kaskazini, uliojengwa na halmashauri, halafu Moreton Hall upande wa mashariki, mtaa mpya wa nyumba za kununua wenye maghala na ofisi pembeni yake, halafu vichochoro vya katikati ya mji wa kale. Chora kwa penseli kwenye ramani. Nusu siku unakuwa na ramani ya matabaka ambayo wenyeji wenyewe hawataki kuisema kwa mdomo.

La pili ni sensa. Wanahesabu watu kila baada ya miaka kumi tangu 1801, isipokuwa 1941 kwa ajili ya vita. Takwimu za 2021 zinapatikana mtaa kwa mtaa: kazi, kuzaliwa, dini, idadi ya magari. Karatasi zenye majina hufungwa miaka 100, kwa hiyo za mwisho zilizo wazi ni za 1921. Zile za 1931 ziliungua mwaka 1942, usihangaike nazo.

La tatu ni vitabu vya biashara vya karne ya 19, yaani orodha za wenye maduka na kazi zao, vya wachapishaji akina White na Kelly. Chuo Kikuu cha Leicester kimeviweka mtandaoni. Kwanza watakuja mabwana na makasisi, kisha kazi kwa alfabeti: waokaji, wauza makaa, washona viatu, na anwani zao. Hesabu nani wengi. Lakini hapo nakupa onyo la ofisini: vitabu vile viliandika wenye duka. Mfua nguo, kijakazi, kibarua wa shamba aliyelala dari ya mtu, hawamo. Na mimi stakabadhi zangu hazikumwandika mchuuzi aliyenikimbia, wala hamali, na bila hao Kongowea isingefungua hata asubuhi moja. Domesday, angalau, iliwataja wafua nguo.

Harufu

Hili ni fupi. Bury ina harufu mbili: shayiri ya kiwanda cha pombe, na kuanzia vuli mpaka majira ya baridi, utamu mzito wa kiwanda cha sukari kilichofunguliwa 1925. Sukari yao inatoka kwenye kiazi cha sukari, kinacholimwa mashamba ya jirani, malori usiku na mchana. Muulize mtu wa Kwale aliyekuwepo Ramisi ilipofungwa 1988 maana ya kiwanda kimoja kwa wakulima wa jirani. Mahali pa tatu pa kazi hapanuki: ni hospitali, na ndipo walipo wetu.

Wenye mji na wakuja

Binti yangu aliniambia, "Baba, hawa hawapendi wageni." Nikamwambia anionyeshe kwanza mgeni ni nani. Tukahesabu kwa vidole. Wako wastaafu waliouza nyumba London wakaja kupumzika. Wako Wamarekani wa kambi za anga za Lakenheath na Mildenhall. Wako Wareno, hasa mji jirani wa Thetford, wengi wakiwa wamekuja kwa kazi za viwanda na mashamba. Wako wauguzi wa Kihindi na Kifilipino. Kisha wale "wenyewe" baadhi yao ni watoto wa waliohamishwa kutoka London baada ya vita, pale Thetford na Haverhill zilipopanuliwa kuwapokea. Sisi wa Mombasa wenye Thelatha Taifa na Tisa Taifa, Mabohora, Mabaluchi, Washihiri na watu wa bara, tunajua kwamba mwenyeji ni mkuja aliyetangulia.

Kwa hiyo usimtafute "Mwingereza halisi". Tafuta tabaka, na tabaka linaonekana kwenye sadaka. Kule kuna mfanyabiashara, Jankyn Smyth, aliyefariki 1481 na kuuachia mji ardhi. Kila mwaka bado wanafanya ibada ya kumkumbuka, kisha wanakula keki na kunywa pombe. Na mfuko uliotokana na sadaka kama yake bado una nyumba za kukalisha wazee. Wakf mtupu, ila bila jina hilo. Waliomo kwenye bodi za mifuko hiyo ndio wenye mji, hata kama hawana duka. Majina yao hayajafichwa: ripoti za hisani zinachapishwa, na mbao za majina zimetundikwa makanisani. Tazama kanisa kuu la Kianglikana, halafu tazama nyumba ya ibada ya Waunitaria, watu walio nje ya kanisa hilo la Kianglikana, ya 1711 pale Churchgate Street, matofali mazuri ya gharama. Waliojenga ile hawakuwa masikini. Walikuwa wenye pesa waliokuwa nje ya mlango wa wakubwa.

Kuhusu salamu: usisubiri kusalimiwa kama uko Kibokoni. Kule mazungumzo hufunguliwa kwa hali ya hewa au kwa mbwa. Mwenye mbwa atakueleza habari za mtaa mzima ukimsifu mnyama wake, hata usipomgusa. Maktaba ya mji pana joto, na wahudumu wanapenda kuulizwa juu ya vitabu vile vya biashara. Jumamosi mchana, wauzaji wakikaribia kufunga, matunda huuzwa kwa bakuli; nunua, subiri mtu apungue, ndipo uulize ushuru wa meza umepanda kiasi gani tangu aanze. Atakujibu kwa kirefu, na pengine akuongezee bakuli.